Tulifuta faili moja, mama mboga akajipata na Sh500 milioni

Jumatatu, saa nne asubuhi, Githurai. Tumekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, sisi vijana wanne na kina mama ishirini na wawili wa chama. Mbele yetu kuna laptopu imeegemezwa juu ya kreti ya soda. Tumevaa mashati yenye kola. Mmoja wetu hata amepiga viatu rangi, kitu ambacho sijawahi kumuona akifanya tangu tufahamiane.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Chama kilikuwa na daftari jeusi lenye michango ya miaka mingi, na daftari lilikuwa limeshalowa mvua mara mbili. Tuliambiwa tutengeneze programu ya kurekodi michango, mikopo na faini, kila mama aweze kuona akiba yake kwa simu. Bei ilikuwa Sh60,000. Elfu ishirini tulikuwa tumepewa mwanzoni na zikaisha hata kabla hatujaandika mstari wa kwanza. Elfu arobaini zilikuwa zinangoja siku hiyo, tukishaonyesha kazi.

Mweka hazina, ambaye huuza sukuma wiki na nyanya pale stejini, ndiye aliyeitwa wa kwanza. Akaingiza namba yake. Alikuwa amechanga Sh500 mara tatu tangu tuanze kujaribu mfumo, kwa hivyo alitarajia kuona Sh1,500.

Skrini ikasema: Akiba yako ni Sh500,500,500.

Kimya. Halafu kicheko cha kupasua mbavu. Mama mweka hazina akainua simu juu kama kombe. "Kijana wangu, hizi nizitoe leo ama kesho?" Hata mimi nilicheka, manze, nilidhani labda ni kitu cha kurekebisha kwa dakika tano.

Mwenyekiti hakucheka. Alingoja wenzake wanyamaze, kisha akauliza swali ambalo bado nalisikia hadi leo: "Kama mashine yenu inaweza kunipa milioni mia tano ambazo sina, itashindwa kunidai milioni mia tano ambazo sikukopa?"

Hatukuwa na jibu. Daftari jeusi likarudishwa mezani. Tukaambiwa tutapigiwa simu.

Sasa, sehemu iliyoniuma zaidi ni hii. Tulipotoka pale nilifungua laptopu yangu ndani ya matatu, nikaendesha programu ile ile, na mama mweka hazina alikuwa na Sh1,500 zake safi. Kwangu ilifanya kazi. Kwa mwenzangu wa Zimmerman, aliyebeba laptopu ya maonyesho, ilitoa mamilioni. Msimbo ni ule ule, mstari kwa mstari. Tulilinganisha mara tatu kabla ya kufika Roysambu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo ninayokueleza hapa sikufunzwa darasani. Lakini nimeuliza marafiki waliovaa joho wakapiga picha na wazazi, na wengi wanasema hata wao walifunzwa kuandika msimbo wao wenyewe, si kuishi na msimbo wa watu wengine. Na ukweli ni kwamba programu nyingi siku hizi ni msimbo wa watu wengine, na wako kidogo tu juu yake.

Huo msimbo wa watu wengine ndio unaoitwa maktaba. Mtu fulani mahali fulani ameandika namna ya kupanga tarehe, kuchora grafu au kuongea na hifadhidata, akauweka mtandaoni, mara nyingi bure, ili wewe usianzie sifuri. (Kuna wanaosema "kodi" badala ya msimbo. Mimi nimekataa. Neno hilo tayari linaninyima usingizi kila tarehe tano.) Si jambo baya. Mwenye kibanda cha chapati hapandi ngano, ananunua unga. Shida inaanza pale unga unapobadilika na hakuna mtu amekwambia.

Nilipofika nyumbani niliamua kuhesabu. Kwenye faili yetu ya package.json tulikuwa tumeorodhesha maktaba 23, na kila moja nilikumbuka nani aliileta na kwa nini. Kisha nikafungua folda ya node_modules. Vifurushi vilikuwa 914. Yaani kila maktaba ilikuja na maktaba zake, nazo zikaja na zake, kama mgeni anayekuja harusini na ukoo mzima. Hao wengine wote hatukuwahi kuwaalika, wala hatujui majina yao, lakini walikuwa wanakula kwenye sufuria moja na pesa za kina mama.

Hapa inabidi nikupeleke kwenye namba kidogo. Vumilia.

Kila toleo la maktaba huandikwa kwa namba tatu, tuseme 3.4.1. Ile ya mwisho hupanda hitilafu ikirekebishwa. Ya kati hupanda kitu kipya kikiongezwa bila kuvunja cha zamani. Ya kwanza hupanda mwandishi anapobadilisha mambo kiasi kwamba programu yako inaweza kuanguka. Ni mkataba wa heshima tu. Hakuna askari wa kumkamata mtu aliyevunja kitu akapandisha namba ya kati.

Na ukisakinisha maktaba kwa npm, yenyewe huandika alama ndogo kama kofia mbele ya namba: ^3.4.1. Wengi wetu hatujawahi hata kuiangalia. Maana yake ni "nipe 3.4.1 au yoyote mpya kuliko hiyo, mradi isifike 4". Kwa hivyo ukisakinisha leo na mimi nisakinishe mwezi ujao, tunaweza kupata vitu viwili tofauti kutoka faili moja, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo sababu kuna faili ya pili, package-lock.json, ambayo wengi huiona kama takataka. Ni ndefu, inatisha, haisomeki. Lakini ndiyo inayoandika toleo kamili la kila kifurushi, pamoja na wale wajukuu wote, na alama ya kuthibitisha kwamba kilichopakuliwa ni kile kile bila kuguswa. Watu wa PHP wana composer.lock. Watu wa Flutter wana pubspec.lock. Watu wa Python wengi hutumia requirements.txt wakiandika toleo kwa alama mbili za sawasawa. Majina ni tofauti, kazi ni moja: kila mtu kwenye timu apike kwa unga wa gunia moja.

Sasa turudi Jumapili usiku, saa tano na dakika arobaini.

Mwenzetu wa Zimmerman alikuwa anaongeza maktaba ya grafu ili kina mama waone michango ikipanda kwa rangi ya kijani. Mwingine naye alikuwa ameongeza kitu chake mchana. Git ikagoma kuunganisha kazi zao, ikaonyesha mgongano wa mamia ya mistari ndani ya ile faili ya lock. Akatafuta mtandaoni, akapata ushauri ambao utaupata kila mahali: futa lock, futa node_modules, sakinisha upya. Akafanya hivyo. Hakuna hitilafu iliyotokea. Kila kitu kilifunguka vizuri, grafu ikawaka kijani, akalala.

Alichofuta ndiyo ilikuwa kumbukumbu yetu yote. Bila lock, kila kofia kwenye orodha ilichukua toleo jipya kabisa iliyoruhusiwa kuchukua. Vifurushi zaidi ya mia moja vilibadilika usiku huo. Karibu vyote havikudhuru mtu. Kimoja, cha kusoma hifadhidata, kilikuwa kimepanda kutoka 3.4 hadi 3.6, na mwandishi wake alikuwa ameamua kwamba kuanzia sasa kiasi chenye desimali kitarudishwa kama maandishi, si kama namba.

Na hakuwa mjinga. JavaScript ina ugonjwa wake na desimali. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 na itakupa 0.30000000000000004. Ukiwa unashughulika na pesa, maandishi ni salama zaidi kwa sababu senti hazipotei njiani. Alieleza hayo yote kwenye maelezo ya toleo, kwa lugha safi kabisa. Kosa lake ni kwamba alipandisha namba ya kati badala ya ya kwanza. Kosa letu ni kwamba hatukuwahi kusoma.

Kwa JavaScript, 500 na 500 zikiwa namba, ukijumlisha unapata 1,000. Zikiwa maandishi, zinaunganishwa tu: 500500. Mara tatu, 500500500. Kisha msimbo wetu ukaweka mikato mizuri na herufi Sh mbele.

Usiku wa Jumatatu kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Sitarudia yote tuliyoandika. Mimi ndiye nilikuwa na mdomo mrefu zaidi. Nilimwambia jamaa wa Zimmerman kwamba ametukosesha elfu arobaini kwa uvivu wa kusoma mgongano. Hakujibu. Saa nne na kitu usiku nikaona yale maandishi madogo ya kijivu: ameondoka kwenye kundi.

Kesho yake nikiandaa kurekebisha mambo, nikafungua historia ya mradi ili nione hasa mabadiliko yake yaliingiaje. Sheria yetu ilikuwa hakuna kinachoingia bila mwingine kukubali. Na hapo chini ya kazi yake, saa tano na dakika hamsini na mbili usiku, kulikuwa na alama ya kukubali. Jina lilikuwa langu.

Nilikumbuka. Nilikuwa kitandani na simu. Niliona mistari elfu nne na zaidi imebadilika, karibu yote ndani ya lock, nikapitisha kidole mara mbili, nikabonyeza, nikageuka upande wa ukuta.

Nilipoanza kusoma nikitafuta mtu mwingine wa kulaumu, niligundua kwamba kisa chetu kilikuwa kidogo sana. Machi 2016 kuna msanidi aitwaye Azer Koçulu aliyekuwa na kifurushi kiitwacho kik. Kampuni ya Kik ya Canada ikalitaka jina hilo, npm ikawapa. Jamaa akakasirika akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 270. Kimoja kilikuwa left-pad, mistari 11, kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Basi. Mistari 11. Lakini Babel ilikitegemea, na nusu ya dunia ilitegemea Babel, kwa hivyo kwa muda wa saa mbili hivi watu wa kampuni kubwa kubwa hawakuweza kujenga programu zao. npm ikalazimika kukirudisha, halafu ikabadilisha sheria ili kuondoa kitu kinachotegemewa na wengine isiwe rahisi tena.

Januari 2022 ikawa zamu ya colors na faker. Mwandishi wake mwenyewe, ambaye awali alilalamika kwamba kampuni tajiri zinatumia jasho lake bure, aliingiza kwa makusudi kitanzi kisichoisha ndani ya colors. Waliokuwa na kofia mbele ya namba waliamka wakakuta programu zao zinatapika herufi za ajabu ajabu. Waliokuwa na lock na hawakuigusa walisoma habari hizo kama wewe unavyozisoma sasa.

Lakini kinachonitisha zaidi ni cha xz, Machi 2024. Hii ni maktaba ya kubana mafaili, iko ndani ya karibu kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kumsaidia mwaka 2021, kazi nzuri, upole mwingi. Wakati huo huo akaunti nyingine zikawa zinamsukuma Collin kwamba yuko polepole, atafute msaidizi. Alikuwa amechoka, na aliwahi kusema wazi kwamba afya yake ya akili ilikuwa inamsumbua. Mwishowe Jia Tan akapewa funguo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake.

Aliyeugundua, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, hakuwa anatafuta wezi. Aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida, akakereka, akachimba. Nusu sekunde! Mimi laptopu yangu ikichelewa dakika mbili nasema ni joto.

Nimefikiria sana kuhusu huyo Collin. Ukiwa mtaani unajua mtu wa aina hiyo: yule anayetunza tangi la maji la ploti nzima bila kulipwa, na siku maji yakikatika wote wanamfokea. Kati ya vifurushi vyetu 914, vingapi vina mtu mmoja aliyechoka nyuma yake? Na sisi tulikuwa tumevibeba hadi kwenye akiba ya kina mama bila hata kuuliza.

Basi nilipanda matatu hadi Zimmerman. Ujumbe haungetosha. Nikamkuta akifua, nikamwonyesha simu, ile alama ya kukubali yenye jina langu. Alitazama muda mrefu, akasema, "Kwa hivyo tulikuwa wawili." Akanipa kopo la sabuni nimshikie.

Tulikaa pale kwa ngazi hadi jioni tukapanga upya. Kwanza tukarudisha lock ya wiki iliyotangulia kutoka kwenye Git. Hiyo tu ilirudisha Sh1,500 za mama. Tangu siku hiyo hakuna anayefuta lock. Kukitokea mgongano, unachukua ile iliyo kwenye tawi kuu jinsi ilivyo, kisha unasakinisha tena maktaba yako moja juu yake, na kilichobaki hakisogei. Kwenye seva na kwenye laptopu ya maonyesho hatutumii npm install, tunatumia npm ci. Hiyo hufuata lock herufi kwa herufi, na ikiona package.json na lock hazikubaliani inagoma kabisa. Mimi napenda kitu kinachogoma mapema kuliko kinachonyamaza hadi mbele ya wateja.

Kuhusu maktaba mpya, mabishano yalikuwa marefu. Mmoja wetu alitaka tusiongeze kitu chochote tena maisha. Haiwezekani, nani ataandika grafu kwa mkono? Tulikubaliana anayetaka kuleta maktaba aandike mistari mitatu kwenye kundi: inafanya nini, mara ya mwisho imeguswa lini na watu wangapi, na inakuja na ukoo wa ukubwa gani. Mara ya kwanza tu tulipofanya hivyo tuligundua tulikuwa na maktaba tatu tofauti za kupanga tarehe, kwa sababu kila mtu alileta aliyoizoea. Tukatupa mbili. Leseni pia tunaangalia, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kusasisha hatujaacha, maana kukaa na toleo la zamani milele nako ni kujitafutia. Desemba 2021 tundu la Log4j lilipotangazwa, waliookoka ni waliosasisha haraka. Kwa hivyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi mmoja wetu hukaa na npm outdated na npm audit, anapandisha maktaba moja baada ya nyingine, kila moja peke yake, akisoma maelezo ya toleo. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana ni zamu.

Na tuliandika jaribio moja dogo ambalo lingepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza: chukua michango mitatu ya 500 kutoka kwenye hifadhidata, jumlisha, na kama jibu si 1500, usiruhusu chochote kuingia. Mistari tisa.

Kitu kimoja ambacho mafunzo ya mtandaoni hayakwambii ni bando. Kupakua node_modules upya ni mamia ya megabaiti, na katikati ya mwezi hakuna mwenye hizo. Tulikuwa tumezoea kupeana folda nzima kwa flashi. Usifanye. Mmoja wetu ana Windows, mwingine Ubuntu, na vifurushi vingine hujengwa kulingana na mashine, kwa hivyo unapata hitilafu ambazo hata Google inakushangaa. npm huhifadhi nakala ya ilivyokwisha kupakua; ukiongeza --prefer-offline itaanza kutafuta humo kabla ya kugusa bando lako. Flashi sasa tunabebea filamu.

Chama kilitupigia baada ya wiki tatu. Si kwa sababu walikuwa wametusamehe. Daftari lilikuwa limelowa tena. Tulienda na mashati yale yale. Safari hii mwenyekiti ndiye aliyeshika simu kwanza, na hakuangalia akiba, aliangalia mkopo wake. Sh8,000. Akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa, akalinganisha. Akaangalia na wa jirani yake. Akaangalia wa mtu wa tatu.

Elfu arobaini hatukupewa siku hiyo. Tulipewa kumi, na nyingine zimekuwa zikija kila mwisho wa mwezi baada ya yeye kulinganisha kurasa zote na simu. Zimebaki elfu kumi. Mama mweka hazina, kila nikipita stejini kununua nyanya, huniongeza moja juu na kuniuliza milioni zake mia tano nimezipeleka wapi.

Jamaa wa Zimmerman alirudi kwenye kundi. Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake, akapandisha ile maktaba ya hifadhidata hadi toleo jipya, akabadilisha msimbo wetu upokee maandishi na kuhesabu kwa senti. Alinitumia nikague saa tano usiku. Nilimwambia nitaiangalia asubuhi, nikiwa nimeketi.